Lalamiko Kuhusu Sauti Yangu Iliyo Juu ya Gari la Chanjo

Kwa Ndugu Mratibu wa Kampeni ya Taifa ya Chanjo ya Surua na Rubela,

Pokea heshima zangu, na uniwie radhi kwa kukuchukulia muda ilhali una watoto wa nchi nzima wa kuchanja. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Ndimi niliyesoma tangazo lenu la kuwataka wazazi wapeleke kituoni watoto wa miezi tisa hadi miaka mitano. Mwalimu mkuu alinichagua kwa sababu naheshimu nukta. Kwa aibu zangu niliomba nirekodiwe ndani ya stoo ya madawati, nikiwa nimeelekea ukutani, nikaambiwa watakaosikia ni wahusika tu. Nilidhani wahusika ni watu wawili.

Sasa naomba mnishushe kwenye gari hilo linalopita mitaani na sauti yangu kwenye spika. Sababu zangu ni hizi:

1. Mtoto wa dada yangu, wa miaka mitatu, ndiye mtu pekee ninayeweza kumsomea kitabu bila kutokwa na jasho. Tangu gari lianze kupita, nikifungua mdomo tu anaingia uvunguni mwa kitanda, ameshika bega. Nimejaribu kunong'ona. Naye ananong'ona: "Mama mdogo, sitaki sindano yako." Dada ameshindwa kumtoa humo ampeleke kituoni, kwa hiyo tangazo langu limezuia chanjo nyumbani kwangu mwenyewe.

2. Nilikwenda dukani kununua chumvi. Mwenye duka akajifunika mkono kwa gazeti: "Dada Sindano, mimi nilishachanjwa, kamuulize mama yangu." Watu walicheka. Nilirudi bila chumvi.

3. Darasani nikiinuka kusoma, safu nzima ya nyuma hukunja mikono ya mashati. Mwalimu amewakemea, ingawa juzi nilimwona naye akipapasa kifungo cha mkono wa shati lake.

4. Akina mama wa mtaani wamenigeuza dawa. Mtoto akigoma kuoga, analetwa mlangoni kwetu nami naombwa niseme neno lolote. Nasema "karibuni". Anakwenda kuoga.

5. Niliamua kuhamia kwa babu, mbali kabisa. Kabla sijafunga begi alipiga simu kusema amenisikia sokoni kwao na amewaambia wote kuwa ni mjukuu wake. Kampeni ni ya taifa, hivyo sina mkoa wa kukimbilia.

Kwa unyenyekevu napendekeza tangazo lisomwe upya na mwalimu mkuu, ambaye watoto wanamwogopa tayari, hivyo hakuna kitakachoharibika. Kisha gari lirudie mitaa yote likieleza kwamba mimi binafsi sijawahi kushika sindano. Yote yakishindikana, muiombe surua isubiri mpaka mtoto wa dada aanze shule.

Nisalimie wachanjaji wote, wabeba masanduku ya barafu, dereva, na kila mtoto aliyewahi kumpiga muuguzi kofi.

Wako mtiifu, kwa sauti ya chini,
Msomaji wa tangazo

N.B. Kabla sijafunga bahasha, gari lenu lilipita kimya. Dereva alisema spika imekufa, na leo ndiyo siku ya mwisho mtaani kwetu. Akina mama walikuwa wakipita mbele ya kituo na watoto mgongoni, hawana habari kwamba ni siku ya mwisho. Katika nyumba iliyo nyuma yetu kuna mtoto anayeumwa surua. Nimeyaona macho yake yalivyo mekundu. Basi nikapanda juu ya gari, nikafumba macho, nikalisema tangazo lote kwa kichwa. Nilipofumbua, foleni ilikuwa imefika barabarani, na mtoto wa dada alikuwa amesimama chini yangu. Alikuja kuhakikisha kama nina sindano. Nilikuwa nimeshika kofia ya dereva tu. Alichanjwa, akalia kidogo, akaniomba nirudie. Jioni hii amekikataa kitabu. Anataka tangazo, na amesinzia kabla sijafika kwenye tarehe.

Naomba dereva anipitie kesho kabla ya masomo, twende mtaa unaofuata. Spika msihangaike nayo.