Rodney, Mwenyeji wa Thesalonike

Rodney hakuwahi kufika Thesalonike. Tuliweke hilo wazi mapema, maana yeye mwenyewe hakuliweka wazi hata siku moja. Alikuwa mbeba mizigo wa hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, Doha, kijana wa Eldoret mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na Ugiriki kwake ilikuwa jina lililobandikwa kwenye masanduku ya wageni.

Asubuhi moja bibi wa Kigiriki akaondoka hotelini akasahau kijitabu chumbani. Kilikuwa na picha za sinagogi, makaburi, soko na bandari, na habari za Wayahudi waliofukuzwa Hispania zaidi ya miaka mia tano iliyopita wakapata makao Thesalonike. Rodney alisoma kurasa mbili na nusu ndani ya lifti. Lifti ilipofika chini, alikuwa mtaalamu.

Na pa kuupeleka utaalamu huo alipajua. Kule mtaa wa Muaither, kwa Mzee Joram, dereva wa familia moja, Wakenya kumi na mmoja hukutana kusali kila Ijumaa, kwa kuwa Doha Ijumaa ndiyo Jumapili yao. Mwezi mzima walikuwa wakijifunza jinsi Mtume Paulo alivyohubiri katika sinagogi la mji huohuo. Rodney akaingia, kijitabu kwapani, akatangaza kwamba ameishi Thesalonike miaka minne akiongoza watalii.

"Paulo mmemsoma," alisema. "Sasa twende mkanyage alipokanyaga! Mitaa ya Wayahudi kule naijua yote. Visa, hoteli, ndege, hayo niachieni mimi. Nyinyi leteni amana tu."

Baada ya wiki mbili bahasha ya amana ilikuwa imenona. Jennifer, nesi, alitia humo akiba yote ya kuezeka nyumba ya mamake. Mpango wa Rodney haukuwa na kona nyingi: Jumapili apande ndege ya Nairobi na bahasha, akafungue duka la kinyozi Eldoret. Hela ya tiketi alikuwa nayo, jasho lake halali, pengine kitu pekee cha halali alichokuwa nacho.

Ijumaa ya mwisho akawasomea ratiba. "Jumamosi asubuhi, sinagogi. Mchana, makumbusho ya Wayahudi."

Phoebe akakohoa. Phoebe alikuwa yaya, dada mpole ambaye hapo awali hakuwahi kusema neno ila kuomba chumvi. "Braza Rodney, si Jumamosi ndiyo Sabato yao? Hata makumbusho si hufungwa? Nasikia zamani bandari nzima ilikuwa inalala Jumamosi, kwa sababu makuli wenyewe walikuwa Wayahudi."

Kiyoyozi kilikuwa kinavuma, lakini Rodney alilowa mgongo.

"Ama ulimaanisha Jumapili?" Phoebe akamuuliza kwa huruma.

"Ndo hiyo! Asante, dada. Ni vile nimezoea kalenda ya huku."

Watu walipokuwa wakivaa viatu mlangoni, Phoebe akamsogelea. "Braza, kumbe basi unamjua Nick."

"Nick gani?"

"Yule wakala wa safari, anayeandikisha vikundi vya sinagogi. Mtu ameongoza watalii kule miaka minne asimjue Nick?"

"Aaah, Nick!" Rodney akapiga paja. "Nick wangu! Bado ana kile kitambi?"

"Kimezidi. Sasa yuko hapa Doha. Na ile ofa bado ipo: kikundi kikilipa kabla jua la Ijumaa halijazama, kiongozi wake anarudishiwa mara mbili kesho Sabato ikiisha. Lakini ofa si unaijua?"

"Niijue? Mimi ndiye niliyewashauri waianzishe!"

Saa kumi na moja jioni alikuwa nje ya kituo cha metro pale Al Sadd, akimkumbatia mwanamume ambaye hakuwahi kumwona maishani. Kitambi kilikuwepo, hilo lilimtuliza. Alimkabidhi bahasha, kisha, kwa kuwa kurudishiwa mara mbili ni kurudishiwa mara mbili, akaongeza na hela yake ya tiketi.

"Naizima simu, jua linazama," Nick alimwambia. "Mambo ya Sabato unayajua."

"Nani ayajue kama si mimi?"

Jumamosi kutwa Rodney aliiheshimu Sabato kuliko Waadventista wote wa Kisii. Jua lilipozama tu, akampigia Nick simu. Akapokea Phoebe.

"Nick anaendesha gari, braza. Ni binamu yangu. Njoo kwa Mzee Joram, chakula kinapoa."

Alifika akiwa anafoka peke yake. Ndani, kwenye televisheni, kulikuwa na picha za Phoebe akisukuma kigari cha mtoto: mbele ya Mnara Mweupe, sokoni, kwenye mlango wa makumbusho ya Wayahudi. Mabosi wake walikuwa wamempeleka Thesalonike likizo tatu mfululizo. Alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba mwaka 1943 karibu Wayahudi wote wa mji ule walipakiwa na Wanazi kwenye treni, na wengi hawakurudi. Rodney akaona aibu ya kweli, iliyodumu kama nusu dakika, mpaka alipomwona mbuzi mzima mezani na kuelewa nani amemnunua.

"Huyo hapo!" Mzee Joram akasimama. "Phoebe ametueleza yote. Umeona safari haitafaa, ukamrudishia kila mtu chake, halafu ukatuandalia karamu kwa hela ya mfuko wako! Watu wa aina yako wamebaki wangapi hapa Doha?"

Jennifer alimkumbatia akilia. "Mama atalala chini ya mabati mapya, braza. Mungu akuone."

"Una la kuongeza, Braza Rodney?" Phoebe aliuliza kwa upole uleule wa kuomba chumvi.

"Sina."

"Basi tuombee chakula. Na usisahau kumshukuru aliyekitoa."

Vichwa vikainama. Rodney akafumba macho, akamwomba Mungu ambariki mtu huyo mkarimu, amlipie alichotoa, na ikiwezekana amlipie wiki hii hii. Hapo machozi yakamtoka.

"Amina!" wakaitikia wote kwa nguvu, wakisema hawajawahi kuona mtu anayetoa kwa moyo hivyo.