Nyota Mbili Mbele, Nyota Mbili Nyuma

Wako watu wakisikia kilio hukimbia kusaidia, na wako wanaokimbia kujificha. Mtaalamu, kama alivyojiita mwenyewe, alikuwa na desturi yake: alisimama kwanza akapima kilio kina faida gani. Jumatano hiyo asubuhi alikuwa amejibanza kwenye ngazi za jengo la ofisi, akimkwepa dada yake. Dada alikuwa amempa hadi Ijumaa. Ama arudi na kitu cha kufanyia kazi, ama akalale anakojua, maana kochi lilikuwa limechoka kubeba mtu mzima. Ndipo kutoka ghorofa ya tatu ikasikika sauti ya mwanamume: "Nyota tena. Namwandikia mteja barua ya heshima, inamfikia imejaa nyota."

Mtaalamu akanyoosha kola, akapanda.

Mwenye sauti alikuwa Bosi wa kampuni ya kukodisha viti na maturubai ya sherehe. Kwenye programu yake ya kuandikia alikuwa ameweka kidude cha nyongeza. Ukitaka neno liwe nene, unalizungushia nyota, mbili mbele na mbili nyuma. Ukituma, kidude kinazila zile nyota na mteja anapata barua pepe iliyopambwa, yenye herufi nene, vichwa vya habari na rangi. Wiki hiyo kidude kiligoma kula. Mama mmoja wa bibi harusi alijibu akiuliza kama nyota zile ni idadi ya viti vilivyovunjika.

Mtaalamu alitupa jicho moja kwenye kioo cha kompyuta akaona kila kitu. Chini kabisa palikuwa na kisanduku kidogo kilichoandikwa "Pamba kabla ya kutuma", na tiki yake haikuwepo. Kazi ya sekunde mbili. Lakini sekunde mbili hazijawahi kumshibisha mtu. Akatoa mfukoni kipimo cha mapigo ya moyo, alichokipata katika mazingira ambayo si lazima tuyachimbe, akakibandika ubavuni mwa kompyuta na kufumba macho.

"Ina nini?" Bosi akanong'ona.

"Presha ya herufi. Umekuwa ukiiandikisha maneno ya hasira?"

Bosi akaangalia viatu vyake. "Kidogo tu. Kwa wanaochelewesha viti."

"Basi ndiyo hiyo. Inatibika. Na nikishaitibu, naweza kuiongezea rangi ya zambarau moja hivi. Mteja akiisoma, mkono wake wenyewe unaandika ndiyo."

Mtu mwenye akili timamu angecheka. Bosi alikwenda kufunga mlango.

"Unataka nini?"

Mtaalamu akainua macho hadi juu ya kabati, ambako laptopu mpya ilikuwa bado ndani ya boksi lake kubwa. "Malipo sitaki. Nahitaji mashine changa ya kuhamishia ugonjwa. Ikishaupokea haifai tena kwa binadamu. Nitaenda kuizika mwenyewe."

Bosi akajisogeza mbali na kompyuta. "Ukiponya, ichukue."

Pembeni, nyuma ya taipureta ndogo kuukuu, Bi Miwani alikuwa akifuma sweta. Huyu ni katibu muhtasi wa pale kwa miaka ishirini na sita, na hakuinua hata kichwa.

Mtaalamu akaweka tiki, akaimbia kompyuta wimbo mfupi usio na maana, kisha akamwita Bosi baada ya chakula cha mchana ashuhudie. Barua ikatumwa. Nyota zikafika zote.

Akacheka kidogo, akasema ugonjwa umerudi kuaga. Kuangalia, tiki haipo. Akairudisha. Alhamisi asubuhi, nyota. Hapo likamtoka jasho la kweli. Akazima kompyuta akaiwasha. Akakiondoa kidude, akakiweka upya. Akafunga nyongeza nyingine zote moja baada ya moja, akisoma maelekezo hadi macho yakamuwasha. Tapeli wa watu akafanya kazi halali siku nzima, tena bila kupumzika, na aibu ilimshika kwelikweli.

Ijumaa mchana Bosi alipotoka, Mtaalamu aliaga pia, halafu akarudi kimyakimya na kujificha nyuma ya pazia. Hakukawia kuona. Bi Miwani aliweka chini sindano zake, akaenda mezani kwa Bosi, akabonyeza mara moja, akarudi kufuma.

"Shikamoo, mama," pazia likasema.

"Marahaba, mwanangu. Toka huko, utapata mafua."

Akatoka. "Kumbe ni wewe unayezima."

"Ni mimi. Na wewe kumbe ni daktari."

Wakatazamana kama wezi wawili waliokutana dirisha moja.

"Bosi kasema mwisho wa mwezi kidude kinashika kazi yangu," Bi Miwani akasema. "Kikiugua naitwa. Kikipona naondoka. Sasa ungefanyaje wewe?"

Mtaalamu alimhurumia kwa dhati, na papo hapo akaiona faida ya huruma hiyo. "Mama, iache tiki mahali pake, kidude kipone. Mimi nitahakikisha huondoki. Ila boksi ni langu."

"Chukua. Mzee kama mimi boksi la nini? Nitakufungia vizuri lisije likakwaruzika."

Bosi aliporudi, barua ikaenda kwa mama wa bibi harusi imenyooka, ina vichwa vinene na zambarau tele. Dakika tano hazikupita jibu likaja: "Ndiyo, tumekubali." Mtaalamu mwenyewe alishtuka. Kwa muda akawaza labda hakuwa anadanganya.

"Sharti moja," akasema kwa uzito wa shehe. "Kidude kimeizoea pumzi ya mama huyu. Akiondoka, nyota zinarudi."

"Haondoki," Bosi akasema haraka. "Hata akitaka."

Mtaalamu akalibeba boksi lake begani. Lilikuwa zito, naye akaona ndiyo dalili ya mali.

"Umeleta nini?" dada akauliza mlangoni.

"Laptopu. Mpya."

Walihangaika na kamba, kwa maana ilikuwa na mafundo ya mtu anayejua kufuma. Ndani, imeviringishwa kwenye sweta lililokwisha kufumwa, ilikuwa ile taipureta kuukuu. Karatasi ilikuwa tayari imepachikwa:

"Mwanangu, hii haina tiki ya kuzima. Ile nyingine nimeizika mimi, kwenye droo yangu. Asante kwa kazi."

Dada alisoma mara mbili, akacheka mpaka akaangukia kochi. Kisha akajifuta macho.

"Nilisema kitu cha kufanyia kazi, na hiki ni kitu cha kufanyia kazi. Kaa uandike barua."

"Barua gani?"

"Ya kuomba ajira."

Mtaalamu akapachika karatasi mpya, akafikiri. Kidole, kwa mazoea ya siku tatu, kikagonga nyota mbili.

"Futa hizo," dada akasema.

Akaitazama mashine mbele, akaigeuza nyuma. Haikuwa na pa kufutia.