Nilivyomsalimia Mama Mkwe Nikiwa Chini ya Baiskeli

Jamani, mwenzenu leo nimepata aibu. Mchana kweupe, na kaptula ya kubana mwilini.

Ngoja nianzie mwanzo, ili mjue asubuhi nilikuwa mtu wa maana.

Kazi yangu mnaijua, napima watu macho hapa Geita mjini. (Naitaja mwenyewe kabla ninyi hamjaitaja.) Na mnajua Jumamosi ijayo wazee wangu wanatoka Shinyanga kuja kuniposea Kabula, kwao huko karibu na ziwa. Baba yake, Mzee Masanja, tulishaonana mjini. Tukanywa soda, akaniangalia juu mpaka chini, nikapita. Mama yake sijawahi kumwona ila kwenye picha moja ya harusi, kilemba kikubwa, poda mpaka shingoni.

Kutoonana naye si tatizo. Kwetu Wasukuma mkwe hakutani ovyo na mama mkwe. Ukimwona anakuja, unatoka njiani, unaingia porini, unainama, apite. Yeye naye anajifunika khanga. Mkiwa na la kusemezana, mnatafuta mtu wa katikati. Nimekulia Ibadakuli kule Shinyanga, mambo haya nimefundishwa kabla ya kusoma. Kwa hiyo nilikuwa na kazi moja tu mpaka Jumamosi: nisiharibu.

Sasa, leo. Tuko wanne tunaoendesha baiskeli pamoja, na kiongozi wetu ni Mashaka, fundi baiskeli. Mashaka kagundua njia ya ng'ombe inayokatiza vilimani mpaka ziwani. Hakuna lori, hakuna vumbi la basi. Bodaboda wenyewe wanaiogopa kwa sababu ya mawe. Saa kumi na mbili tukawa barabarani, saa moja na nusu lami tumeshaisahau.

Niseme ukweli, nilifurahi. Miaka minne nakaa Geita sikujua kama kuna ukimya wa namna ile. Ndege wanaimba, majani yana umande, na kila ukimaliza kilima unaona kingine, na nyuma ya hicho kipande cha ziwa kinang'aa. Nilijikuta naimba. (Wenzangu waliomba niache.)

Kilichoniponza ni viatu. Nilinunua viatu vya mashindano, vile vyenye chuma chini. Chuma kinaingia kwenye pedeli na kung'ang'ania, na ukitaka kutoa mguu lazima uzungushe kisigino kwa nje. Mashaka alinionya.

"Kaka, hivyo viatu ujizoeze kwanza mwezi mzima."

"Mimi mtu wa Shinyanga," nikamjibu. "Sisi tunazaliwa juu ya baiskeli."

Kilima cha tatu kilinijibu kwa niaba yake. Nilikuwa nahema nikasikia kengele nyuma yangu. Babu mmoja, baiskeli nyeusi ya zamani, magunia mawili ya mkaa, ndala miguuni. Akanipita! Akasema "Mwangaluka" kwa sauti ya mtu aliyekaa kwenye kiti. Mimi kuitikia nilishindwa, pumzi haikuwepo. Wenzangu nao wakanipita, wakasema watanisubiri chini ziwani.

Basi nikabaki peke yangu, na baada ya kilima kile njia ikawa mteremko laini. Upepo usoni, ziwa lote mbele yangu, nikaongeza mwendo. Hapo ndipo nikamwona mama mmoja anapandisha, jembe begani, katikati kabisa ya njia.

Nikapiga kengele. Hakusogea. Nikapiga tena. Na kwa mdomo wangu huu, nikapaza sauti:

"Mama, pisha njia!"

Mama akasimama, akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyevaa shati. Nikakamata breki. Breki zilishika vizuri, sina lawama nazo. Baiskeli ikasimama mbele yake kabisa, nikataka kushusha mguu chini. Mguu haukutoka. Nikajaribu wa pili. Nao haukutoka.

Jamani, kuanguka haraka kuna nafuu, kunakwisha kabla hujaelewa. Mimi nilianguka taratibu. Nilipata muda wa kumtazama mama, mama akapata muda wa kunitazama, na nadhani nilipata muda wa kusema "samahani". Kisha puu! Ubavu wa kushoto chini, baiskeli juu yangu, miguu yote miwili imefungwa kwenye pedeli.

"Mayu wee!" akasema. "Pole mwanangu. Umeumia?"

"Hapana mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona huinuki?"

"Viatu vimenasa, mama."

Akaweka jembe chini, akachuchumaa, akaanza kunifungua kamba za kiatu. Mikono ya mtu aliyefungua mafundo mengi maishani. Na huku anafungua, ananihoji.

"Umetokea wapi?"

"Geita mjini."

"Unapeleka nini?"

"Sipeleki kitu mama. Naendesha tu mpaka ziwani."

"Ukifika ziwani?"

"Narudi."

Akaacha kamba. Akatazama nyuma ya baiskeli, pasipo na keria wala mzigo. Akatazama kaptula yangu, akageuza macho haraka.

"Kwenu wanajua?" akauliza kwa upole.

Nikaona huyu mama ananihesabu mimi mgonjwa. Hadhi ilikuwa imeshuka mpaka usawa wa ardhi, nikaamua kuiinua kidogo. Hapo ndipo palipo kosa langu, na sina wa kumsingizia.

"Mama, usinione hivi," nikasema. "Mimi huku ni kwa wakwe zangu. Jumamosi ijayo naleta posa."

"Eee! Hongera. Kwa nani hapo?"

"Kwa Mzee Masanja. Yule binti yake, Kabula." Na kwa kuwa shetani alikuwa kakaa pembeni akinishangilia, nikaongeza, "Mzee hana shida. Mama mkwe ndiye nasikia mkali, lakini huyo nitammudu."

Mikono ikaondoka kwenye kiatu changu kama imegusa sufuria la moto.

Sikuelewa mara moja. (Mtaalamu wa macho.) Nikageuza shingo, nikamwona anajifunika khanga kichwa kizima, anaokota jembe, anatoka njiani na kuingia kwenye kichaka mbio mbio. Kichaka kikatikisika, kisha kikatulia.

Ndipo nikaona ile picha ya harusi. Toa kilemba. Toa poda.

Nilipaswa kuingia porini mimi, lakini nilikuwa nimefungwa kwenye baiskeli. Kumpisha siwezi. Kujifunika sina cha kujifunikia, na eneo la kufunikwa lilikuwa kubwa. Nikafumba macho.

Kisha sauti ikatoka kichakani, ya heshima sana.

"Wewe baiskeli."

Nikafumbua jicho moja.

"Baiskeli, nakwambia wewe," sauti ikaendelea. "Mwambie huyo uliyemlalia avute mguu atoe kwenye kiatu. Kamba moja nimekwisha kuifungua."

Mtu wa katikati hakuwepo. Mama wa watu akatumia kilichokuwepo. Nami nikaona, hapa heshima yangu yote imebaki kwenye jibu.

"Baiskeli," nikasema, mdomo karibu na usukani, "mwambie mama nashukuru. Na umwambie ile ya kusema 'pisha njia', naomba anisamehe."

"Baiskeli, mwambie hilo limesikika."

"Baiskeli, na ile ya kummudu..."

"Baiskeli," sauti ikakatiza, "mwambie na hilo limesikika."

Nikavuta mguu, ukatoka na soksi. Ule wa pili ulikuwa chini ya fremu, haukusogea. Nikawa naieleza baiskeli, kwa adabu zote, kwamba mguu wa kushoto bado, tafadhali imfikishie mama. Na ndivyo Mashaka na wenzangu walivyonikuta. Walikuwa wamechoka kunisubiri, wamepandisha kunitafuta, na wamenikuta nimelala njiani peke yangu, nimekumbatia usukani, nauambia "mwambie mama shikamoo tena".

"Jua limempata," Mashaka akawaambia wenzake, huku anatoa simu kurekodi. "Kaka, mama yako yuko Shinyanga. Baiskeli haina mama."

Kichaka kikakohoa.

Mashaka almanusura aangushe simu. Nikamweleza kwa kunong'ona, neno kwa neno, na nilimwona anang'ata shavu kwa ndani asipasuke. Hata hivyo ni mtu wa kwetu, anajua. Akavua kofia, akakigeukia kichaka, akainama.

"Shikamoo mama. Mimi nipo hapa katikati."

"Marahaba baba," kichaka kikajibu, na nilisikia kabisa jinsi alivyopata nafuu. "Ahsante kwa kufika. Hii baiskeli haifikishi maneno vizuri. Mfungue mwenzako, mtoe njiani nipite, mboga inanisubiri."

Wakanifungua. Wakaninyanyua watatu, wakanigeuzia uso kwenye mti, na Mashaka akanifunga jaketi lake kiunoni. Nilisikia nyayo zikipita nyuma yangu, taratibu, na zilipofika usawa wetu zikasimama kidogo.

"Mwambie," mama akamwambia Mashaka, "wazee wake waje mapema, jua lisiwakute njiani."

Nikalia, jamani. Kidogo tu, na mti ndio ulioniona.

Tukashuka ziwani. Nikavua viatu, nikaingiza miguu majini, tukala sato na ugali pale wavuvi wanapochoma. Goti limevimba na roho imetulia. Njia ile nitaipita tena, na mara hii kwa ndala.

Nimerudi nyumbani jioni hii nikajua yamekwisha. Hayajaisha. Kabula kapiga simu sasa hivi, anashindwa kuongea kwa kicheko. Anasema mama yake kafika nyumbani, hata jembe hajaliweka, anawasimulia majirani kwa kujivuna:

"Wakwe zenu wanainama kidogo tu. Wa kwangu kalala chini kabisa!"

Ninyi msicheke, tafadhali. Kijiji kizima cha ukweni tayari kinawasaidia.