Waraka wa Ngata

Kwa mamlaka aliyopewa na mengine aliyojiongezea mwenyewe, Katibu Mkuu wa Wizara ya Hadhi na Muonekano anautangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu ijayo kila mkuu wa idara atavaa taji dogo kichwani saa zote za kazi, ili mwananchi akiingia ofisini asihangaike kubahatisha mkubwa ni yupi.

Tangazo lilikuwa zuri, isipokuwa kasoro moja ambayo Katibu Mkuu aliigundua mwenyewe akipiga mswaki. Ni lile neno "dogo". Mkubwa hawezi kuvaa kitu kidogo. Na "taji" peke yake ni la Mkuu wa wakuu, ambaye hapendi kuchangia. Jumatatu ikasogezwa mbele, na likaanza kutafutwa neno jingine, lenye asili ya kale, lenye maana zisizopungua tatu, lisilo na harufu yoyote ya udogo.

Kazi ikaangukia chumba namba tisa, Idara ya Maneno, kwa mtu ambaye jengo zima lilimwita Bwana Kadi.

Tumseme kidogo Bwana Kadi, maana mwenyewe alikuwa hodari wa kujisema. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akiandika kamusi ya serikali, na alikuwa amefika herufi N. Akiulizwa itatoka lini, alijibu kwamba konokono naye hufika, ilmradi asikanyagwe. Alikuwa na makabati sita, kadi elfu arobaini na moja, mpiga chapa mmoja, na sharti aliloliweka enzi zile akiwa bado na nywele: neno haliingii kwenye kamusi mpaka watu watatu wasiofahamiana wasikike wakilitamka bila kuulizwa. Kila kadi ilikuwa na mstari wa neno, wa maana, wa msemaji, na wa kazi ya msemaji. Na kazi iliyoandikwa ni ile aliyoonekana akiifanya wakati anatamka, siyo ile anayodai.

"Nikiandika wanazodai," alikuwa akimwambia mpiga chapa, "nchi nzima itakuwa ya wakurugenzi."

Basi aliitwa ghorofa ya juu, kwenye zulia. Katibu Mkuu akasukuma mezani taji la mfano.

"Siku kumi," alisema. "Siku ya kumi na moja tunaandamana kwenda ukumbini, wakuu wote ishirini na wanne, mataji kichwani, kuyazindua. Neno liwe tayari."

"Na lisipopatikana, Mheshimiwa?"

"Idara isiyoweza kulipatia vazi la viongozi neno inakalia chumba cha nini? Mataji yatahitaji stoo. Nimeambiwa chumba chako ni kikavu."

"Na kadi zangu?"

"Nyuma ya jengo pana pipa la kuchomea makaratasi."

Bwana Kadi aliteremka ngazi na kumkuta mtunza stoo amekwishatangulia chumba namba tisa, amepiga magoti, anapima ukuta kwa tepu. Mtunza stoo aliomba radhi na kuendelea kupima. Bwana Kadi alisimama katikati ya makabati yake na kuogopa, tena waziwazi. Watoto wake walikwishakua wakaondoka, nywele zilikwishaondoka, kadi ndizo zilizobaki naye.

Sasa, lile taji lenyewe. Lilikuwa duara la mahameli nyekundu, lililoviringwa na kujazwa sponji ili lisiwaumize wakubwa, likazungushiwa uzi wa dhahabu. Katikati lilikuwa wazi. Ukubwa wake ni wa kisahani cha chai. Bwana Kadi alilitazama, akaona kwamba njia ni moja tu: kwa kuwa sharti linakataza kuuliza, itabidi alivae, atembee nalo, angoje watu waliite wenyewe.

Mke wake ndiye aliyekuwa wa kwanza.

"Baba watoto," alisema, bado ameshika mwiko, "wamekuvika kilemba cha ukoka, na wewe umekaza shingo?"

"Hilo ndilo jina lake?"

"Hiyo ni habari yako. Jina lake sijui, wewe ndiye unayelipwa kujua majina."

Kwa siku saba alitembea nalo. Mfagizi aliliita kifuniko. Watoto wa jirani waliliita keki. Fundi viatu alimwamkia kwa heshima kubwa, kisha akamuuliza mke wa Bwana Kadi pembeni kama kuna dawa mumewe anazotumia. Mpiga chapa hakuliita chochote, ila alikuwa akifungua dirisha ili akachekee nje. Bwana Kadi aliandika yote. Jioni alijitazama kwenye kioo, mtu mzima mwenye kisahani cha mahameli juu ya upara, akajiambia kwamba angalau konokono nyumba yake humtosha.

Siku ya nane alikwenda kunyoa. Hakukuwa na kingi cha kunyoa, lakini kinyozi alikuwa msikivu. Kinyozi alimkalisha, akamfunga shuka shingoni, akamwambia bila hata kumtazama:

"Mzee, vua ngata yako nifanye kazi. Mzigo umeuacha wapi?"

Bwana Kadi aliruka kutoka kitini na shuka lake shingoni. Alikimbia nalo hivyo hivyo mtaa mzima mpaka chumba namba tisa, akavuta droo ya N. Kadi ilikuwepo. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, wa miaka ishirini na saba nyuma. Neno: ngata. Maana: kitambaa au majani yaliyoviringwa duara, huwekwa kichwani chini ya mzigo. Msemaji: mama yangu mzazi. Kazi: mchukuzi wa kuni. Na chini, maneno aliyoyatamka siku hiyo: *Avaaye ngata hakatai mzigo.*

Shahidi alikuwa mmoja tu. Neno lilikaa nje ya kamusi miaka ishirini na saba likingoja mashahidi wawili, na soko liko mtaa wa pili. Bwana Kadi hakuwahi kufika huko wakati wa kushusha mizigo, kwa sababu wakati huo ndio alikuwa na kikao cha kujadili namna ya kuwafikia wananchi. Mama yake alikwishafariki. Alikaa chini, akaona haya peke yake, kisha akaandika jina la kinyozi kwenye mstari wa pili.

Kesho yake alfajiri alikuwa sokoni, taji kichwani. Malori ya viazi yalikuwa yanashushwa. Kiongozi wa wachukuzi alikuwa mama mmoja mfupi, aliyeitwa Mama Shingo kwa sababu zinazoonekana. Alimtazama Bwana Kadi mara moja.

"Wewe mwenye ngata, umesimama unangoja nini? Viazi vitajishusha?"

Shahidi wa tatu alikuwa amepatikana. Bwana Kadi alitoa kalamu mfukoni, akanyanyua mikono kufurahi, na wachukuzi wawili wakachukulia kwamba yuko tayari. Gunia likatua kichwani.

"Mama, mimi ni mtumishi wa serikali," alisema kutoka chini ya gunia.

"Kwani serikali haina kichwa? Avaaye ngata hakatai mzigo. Twende."

Maneno ni yaleyale ya kwenye kadi. Hakuweza kubishana na mama yake. Alitembea hatua mia mbili mpaka kibanda cha mwisho. Methali ya kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi alikuwa nayo kwenye kabati la M, imepigwa chapa vizuri kabisa, na hatua ya kumi ndiyo aliyoielewa. Alipotuliwa gunia, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Unalia, baba?"

"Nimempata shahidi wa tatu."

"Pole," alisema Mama Shingo, akidhani ni kesi mahakamani. "Siku nyingine ukichoka, ivue uivae mkononi. Ikiwa kichwani, sisi tunajua uko kazini. Ndio utaratibu wetu hapa, hata mgeni tunampakia."

Usiku huo alilala kwa ubavu. Asubuhi alipanda ghorofa ya juu na taarifa yake, shingo imekakamaa, akawa anawasalimia watu kwa kugeuka mwili mzima. Angeweza kuandika kwamba neno lilitumiwa na wafalme. Kwenye ngazi alijaribu hata kulitungia ushahidi, ila sharti lilimkataza, na shingo nayo. Kwa hiyo aliandika yale aliyoyasikia, kwa lugha ya ofisi:

*Ngata. Neno la kale. Maana ya kwanza: kivazi cha duara cha kichwani. Maana ya pili: alama ya mtu aliyekubali kubeba. Maana ya tatu: ahadi mbele ya watu. Avaaye ngata hakatai mzigo. Asiyebeba huivua.*

Katibu Mkuu alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Macho yalimlengalenga.

"Aliyekubali kubeba," alisema. "Hapo umenena. Nani anayejua uzito wa majukumu kama mimi?"

"Mheshimiwa, kabla haijatangazwa, ingefaa ufike sokoni kidogo uone wenyewe wanavyo..."

"Usiniletee habari za soko. Mboga zangu huja zimekwishaoshwa."

"Ni mtaa wa pili tu, Mheshimiwa."

"Bandikeni. Kila ukuta."

Ukatoka Waraka Namba Saba, wenye mhuri na saini mbili, ukabandikwa kila ukuta pamoja na ukuta wa soko. Kwa maandishi manene: AVAAYE NGATA HAKATAI MZIGO. Mama Shingo alisomewa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema serikali imechelewa lakini hatimaye imeanza kuelewa mambo.

Siku ya kumi na moja wakuu wa idara ishirini na wanne walipanga mstari, suti nyeusi, ngata nyekundu, Katibu Mkuu mbele. Barabara ya ukumbini hupita sokoni, hakuna nyingine pana. Malori saba yalikuwa yamefika na wachukuzi walikuwa hawatoshi. Mama Shingo aliinua macho akaona ngata ishirini na nne zinakuja zenyewe, chini ya ngata hizo watu wenye afya, juu ya ngata hizo hakuna kitu.

"Mungu mkubwa," alisema, "wametuletea watu."

Katibu Mkuu alianza kueleza. Alieleza kwa ufasaha mpaka gunia lilipomfika. Alimwita mlinzi wake. Mlinzi alikuja mbio, akausoma waraka ukutani mpaka mwisho, kwenye saini, akampigia saluti bosi wake na kusaidia kuliweka gunia sawa. Nyuma yao mkuu wa Idara ya Mipango alipewa vitunguu, mkuu wa Idara ya Ukaguzi akapewa kabichi, na aliyejaribu kuivua ngata yake haraka aliambiwa kwa upole kwamba utaratibu ni kuvua baada ya kutua.

Bwana Kadi alikuwa anaandamana nao pembeni, amegeuza mwili mzima ili aone. Hakumuuliza mtu chochote. Alikuwa ameshika kadi na kalamu tu, kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja, ndipo kutoka chini ya gunia la viazi ikatoka sauti ya Katibu Mkuu, imebanwa:

"Jamani, ngata inateleza. Niwekeeni vizuri ngata yangu."

Bwana Kadi akaandika.

Siku mbili baadaye Katibu Mkuu aliingia chumba namba tisa kwa miguu yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Naye sasa aligeuka mwili mzima. Nyuma yake alikuwa mtunza stoo na tepu.

"Nimeambiwa kuna kadi," alisema.

Bwana Kadi alivuta droo, akamkabidhi. Katibu Mkuu alisoma: *Neno: ngata. Msemaji wa nne: Katibu Mkuu wa Wizara ya Hadhi na Muonekano. Kazi: mchukuzi.*

"Hii ifutwe. La sivyo chumba hiki kesho ni stoo."

"Stoo ya nini, Mheshimiwa? Mataji yote yako sokoni. Wachukuzi wanasema hawajawahi kupata ngata laini namna ile."

Katibu Mkuu alimgeukia mtunza stoo. Mtunza stoo alikiri kwamba hana cha kuhifadhi, akaviringa tepu yake na kuitia mfukoni.

"Basi badilisha hapo kwenye kazi," alisema Katibu Mkuu, sasa kwa sauti ya kuomba. "Mimi si mchukuzi. Nilibeba mara moja tu."

"Hata mimi ni mara moja tu kwa miaka ishirini na saba, Mheshimiwa, sikudharau hata kidogo. Na kubadilisha inawezekana, sharti liko wazi." Bwana Kadi alimvutia kiti na kumwekea kadi mpya mbele yake. "Niletee mashahidi watatu wasiofahamiana, waliowahi kukuona ukifanya kazi nyingine."

Katibu Mkuu alikaa. Alishika kalamu. Mpiga chapa alimletea chai, akashukuru, akaendelea kufikiri. Saa kumi na moja jioni walipofunga makabati chai ilikuwa imepoa, na mstari wa shahidi wa kwanza ulikuwa bado mweupe.