Zeze Kabatini na Sauti ya Jikoni

Jumatatu, 4 Machi

Studio imekamilika! Nimetoa nguo zote za mke wangu kabatini, nikaziba nyufa kwa blanketi, nikaingia na zeze, simu na kigoda. Joto la kufa mtu. Uzi umekatika mara mbili, lakini wimbo nimeurekodi wote. Jirani yetu, Bwana Marimba (ana marimba mpya, na lazima kila mtu ajue), amesema kwake umesikika kama mlango unaodai mafuta. Wivu tu!

Jumanne, 5 Machi

Nimesikiliza rekodi. Zeze linalia vibaya, sikatai. Lakini nyuma yake kuna sauti ya mwanamke, laini, ikiufuata wimbo bila maneno. Nywele zilinisimama. Kumbe ni mke wangu, akiosha vyombo! Jiko liko nyuma ya kabati. Sikumwambia. Nimeituma redioni, kwenye kipindi cha nyimbo za asili.

Jumatano, 6 Machi

Mtangazaji kapiga simu. Rekodi imemgusa mno! Zeze hakulitaja hata kidogo. Aliuliza anayeimba ni nani. Mdomo ukanitangulia: nikasema ni marehemu bibi yangu, aliyenifundisha zeze, sauti nimeitoa kwenye kanda ya zamani. Bibi hakuwahi kushika zeze. La babu alilitupa dirishani. Mtangazaji akanipa pole. Nami nikapokea.

Ijumaa, 8 Machi

Kipindi kimerushwa leo. Nilichomoa betri za redio yetu mapema nikazitia mfukoni. Akili nyingi! Bwana Marimba akafungulia redio yake hadi mwisho, dirisha wazi, apate kunicheka vizuri. Mke wangu alikuwa uani anaanika nguo. Akaisikia sauti yake mwenyewe. Alitabasamu, akaweka beseni chini. Ndipo mtangazaji akaomba dakika moja ya ukimya kumkumbuka bibi. Mke wangu akanitazama, betri zikigongana mfukoni mwangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumamosi, 9 Machi

Anaosha vyombo kimya. Tangu tuoane sijawahi kusikia sahani peke yake. Nilimuuliza kama amekasirika kwa kuibiwa sauti. Akasema kuibiwa angevumilia, kilichomuuma ni kuzikwa. Mtangazaji kapiga tena, anataka kanda zaidi za bibi. Nimezima simu, zeze nimelisukuma uvunguni. Naona aibu hata kukaa mezani naye. Nyumba imepoa, na aliyeipoza ni mimi.

Jumapili, 10 Machi

Nimetubu. Nimerudisha nguo zake kabatini, zote zimekunjwa. Nimemwomba msamaha kwa sauti, Bwana Marimba akapiga makofi kutoka upande wa pili wa ukuta. Nimeahidi kumpigia mtangazaji kesho nimweleze ukweli. Mke wangu akasema yaishe.

Baada ya chakula akaingia jikoni. Maji yakamiminika. Kidogo kidogo, akaanza kuimba! Machozi yalinilenga. Wimbo wenyewe siujui, ni mzuri kuliko ule wa kwanza.

Simu inanasa kila kitu, nyuma ya kopo la unga.

Na ahadi ni ahadi. Kesho nampigia mtangazaji, namwambia anayeimba si marehemu bibi. Ni shangazi, na yuko hai kabisa. Mtu hujifunza.