Nilivyoibariki Dawa ya Zabibu

Jumatatu, 14 Julai 2025
Shajara yangu, niwie radhi. Sijakuandikia tangu Pasaka. Hapakuwa na jambo lililostahili wino. Leo lipo! Mtafiti Salma ametuletea hapa kijijini Mkonze dawa mpya ya ukungu wa zabibu: chupa mbili kwangu, mbili kwa jirani yangu Silvano. Wiki ijayo kamati ya wakulima itachagua shamba darasa, la wengine kujifunzia, kati ya mashamba yetu. Nimefundisha miaka thelathini na minne. Silvano atamfundisha nani?

Salma alieleza vizuri ajabu. Jeni za ukungu hutuma amri zao kwa njia ya RNA, molekuli inayobeba ujumbe. Dawa hii nayo ni RNA, ya nyuzi mbili. Ikiingia ndani ya ukungu, kimeng'enya kimoja huikata vipande vidogo. Kimeng'enya kingine hushika kipande, hukitumia kutambua amri inayolingana nacho, kisha huikata amri hiyo. Jeni ipo, lakini haisikiki tena. Maajabu! Akasisitiza: mwalimu, vaa glovu, usiiguse kabisa.

Jumanne, 15 Julai
Glovu ni za wavivu. Nimepata njia ya kumpita Silvano! Marehemu babu alibariki mbegu kwa kuzipulizia maji ya kinywani. Nimebugia maji, nikayapuliza ndani ya chupa ya kwanza, nikaiacha ikolee hadi alasiri. Kisha nikanyunyiza. Mke wangu Anyesi akauliza kama ninalima au ninasukutua. Nikaendelea kunyunyiza.

Jumatano, 23 Julai
Balaa! Majani ya mizabibu yangu yote meupe kwa ukungu. Ya Silvano yanameta! Aliniamkia vizuri, shikamoo mwalimu, kisha akauliza ni lini nilifungua mashine ya kusaga unga. Mshenzi.

Alhamisi, 24 Julai
Nimekiri kwa Salma. Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Kumbe mate yana vimeng'enya vyake, navyo hukata RNA ovyo, bila kuchagua. Dawa yangu ilikufa ndani ya chupa! Akanisihi nipate funzo.

Nimelipata! Kinywa changu kina nguvu kiasi hicho, nami sikujua! Kamati imeahirisha uamuzi hadi tunyunyize mara ya pili. Silvano bado ana chupa moja. Kesho asubuhi nitamwendea kwa unyenyekevu, nimwombe radhi kwa majivuno yangu, kisha nijitolee kumbarikia chupa yake.

Nitaandika kamati ikishaamua.