Utomvu Ulioniondolea Afro

Siku hiyo niliumbuka, jamani. Miaka ya sabini, Kasulu, mbele ya darasa zima.

Nilikuwa mwalimu mpya wa fizikia, nimetoka Tanga na suruali ya bugaluu na afro ya kugusa mlango (ndiyo ilikuwa fasheni, tulieni). Shuleni kulikuwa na Mwalimu Neema, binti wa Kitahana kule Kibondo, akifundisha Kiswahili. Alipenda sana asili ya maneno. Mimi nilimpenda yeye. Nikamkaribisha kwenye kipindi changu.

Akaja! Akakaa nyuma.

Nikaanza kwa mbwembwe. "Atomu ni neno la Kigiriki: kisichokatika. Protoni: cha kwanza. Elektroni je? Imetokana na jina la Kigiriki la kaharabu, utomvu wa miti uliogeuka jiwe. Wagiriki waliisugua, ikavuta makapi!"

Neema akatabasamu. Kichwa kikavimba (ukijumlisha na afro, kikajaa darasa).

Kaharabu sikuwa nayo. Nilikuwa na donge la utomvu wa msonobari nililobandua asubuhi, njia ya Heru Juu. Nje lilikuwa gumu kabisa. Ndani sikuangalia.

Nikalisugua kwenye nywele kwa nguvu zote. Likapasuka. Nikavuta mkono. Mkono haukuja!

"Inavuta, mwalimu!" akashangilia Bukuru, kijana wa dawati la mbele.

Mkono tukaubandua kwa shida. Donge likabaki. Ukaletwa mkasi, nao ukanasa.

"Mwalimu," akasema Bukuru kwa upole, "hiyo si elektroni tena. Ni atomu. Haikatiki."

Darasa likaangua kicheko. Neema akaja mbele akijifuta machozi.

"Pole, mwalimu. Hapa ni wembe tu."

"Afro yote?"

"Ego," akaitikia kwa Kiha. "Yote."

Akaninyoa mwenyewe, nje ya jiko la shule, polepole, jua la asubuhi likitupiga mgongoni.

"Na nyutroni je, maana yake nini?" akauliza.

"Kilatini. Si huyu wala yule."

Akakitazama kipara kilichong'aa. "Kama wewe sasa. Si mwalimu, si mwanafunzi."

Tulicheka mpaka mpishi akachungulia.

Baadaye alihamishwa, nami nikarudi kwetu. Hatukuonana tena. Siku hizi nywele zimeondoka zenyewe, bila wembe na bila mkono wa mtu.

Atakayecheka, na azeeke haraka.